Ua wa Kiboko Uliokosa pa Kwenda

Yaani ninyi mkishashiba ndiyo mnakumbuka kwamba bibi ana mdomo. Tangu asubuhi naita mtu aje anisaidie kumenya kunde, kila mmoja ana tumbo linamuuma. Sasa mvua imewafungia ndani, matumbo yote yamepona, "Bibi, hadithi! Bibi, hadithi!" Bibi siyo redio. Haya, kila mtu achote konzi yake ya kunde. Mkono ukisimama, na mdomo wangu unasimama.

Nawaita!

— Tumeitika!

Niwape?

— Tupe!

Nikiwapa uongo?

— Tutaula!

Nikiwapa ukweli?

— Tutautema!

Ndivyo mlivyo. Sikilizeni.

Zamani hizo wanyama walikuwa na jela, lakini jela ya kamba tu. Mwizi akikamatwa anafungwa mtini asubuhi, kila apitaye anamtukana tusi moja, jua likifika utosini anafunguliwa, anakwenda kwake na aibu yake. Haikuwa na mlango, haikuwa na mwenyewe. Na wezi walikuwa wawili nchi nzima, Kicheche na mdogo wake, na matusi walikwisha yazoea.

Mkuu wa nchi alikuwa Jumbe Tembo. Mzito, mpole, hapendi kusumbuliwa. Siku hiyo akaja Kiboko, puu, puu, puu, akakaa barazani kabla hajakaribishwa.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba."

"Jumbe, unachoka. Kufunga watu, kufungua watu, kamba zenyewe zinakatika. Niachie mimi kazi ya jela. Nitajenga ua wa miiba, nitaweka mlango, nitalinda. Wewe lala."

"Utataka nini?"

"Kidogo tu. Boga moja kwa kila kichwa, kila siku. Nusu ale mfungwa, nusu nile mimi kwa jasho langu."

Maboga yenyewe yalikuwa ya watu wote. Kila mwenye shamba alipeleka fungu lake kwa Jumbe, liwekwe kwa wagonjwa na kwa miezi ya njaa. Lakini Jumbe alisikia neno "lala", mengine yakampita. Akakanyaga udongo mbichi, alama ya mguu ikabaki. Huo ndio mkataba.

Siku ya kwanza Kiboko akawafunga Kicheche na mdogo wake. Yakaja maboga mawili. Jamani, mdomo wa Kiboko mnaujua? Akaufungua, aaah! Akatupia maboga, gubu, gubu! Ilikuwa kama kutupa punje mbili za mtama kisimani. Na ile nusu ya wafungwa? Wafungwa walipewa mbegu. Alizozitema.

Kiboko akamwita askari wake, Ngiri.

"Ngiri, niletee wengine."

"Wengine wamefanya nini, bwana mkubwa?"

"Hilo utalijua ukishawaleta."

Ngiri akawaleta.

"Wewe Twiga, kwa nini unachungulia nyumba za watu?"

"Bwana, ni shingo tu."

"Ndani!"

"Wewe Pundamilia, umekutwa na sare ya jela na hujafungwa. Umeiiba wapi?"

"Nimezaliwa nayo."

"Umeanza wizi tumboni! Ndani!"

"Wewe Kobe, kwa nini unakwenda polepole?"

Kobe akafungua mdomo ajibu. Alipofika katikati ya kuufungua, Kiboko akasema, "Na kujibu pia polepole! Ndani mara mbili!"

Vichwa vikaongezeka, maboga yakaongezeka. Aaah! Gubu, gubu, gubu. Tumbo likaanza kugusa chini.

Sasa alikuwepo Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kadogo, kanene, kanakaa kwenye majabali, ukikaona utadhani sungura aliyekatwa masikio kwa ugomvi. Pimbi huyu alikuwa mama wa watoto watatu. Asubuhi hiyo aliwaacha juu ya jabali na mama mkwe wake, mama mkwe mwenyewe wa kusinzia huku anatafuna, akashuka kuchuma majani. Ngiri akamkamata, kop!

Kiboko akamzunguka mara moja, akamzunguka mara mbili.

"Wewe, mkia wako uko wapi?"

"Sina, bwana."

"Kila mnyama ana mkia. Wewe umeuficha. Ndani, mpaka uutoe!"

"Bwana mkubwa, nina watoto watatu juu ya jabali, na Tai anapita pale kila siku. Nani atawaingiza pangoni?"

"Na watoto, wana mikia?"

"Hawana."

"Loo! Ukoo mzima wa waficha mikia!" Akamgeukia Ngiri. "Hao watatu wakumbuke."

Mlango ukafungwa, kacha! Ufunguo Kiboko akauning'iniza shingoni.

Ndani Pimbi akamkuta Kobe.

"Shemeji, watu hutoka lini humu?"

"Mimi nilipewa siku tatu," Kobe akasema, na kusema kwenyewe kulichukua nusu saa. "Ya kwanza nikapiga chafya, zikaongezwa tano. Nikaomba radhi, zikaongezwa mbili kwa kupiga kelele. Nikanyamaza, zikaongezwa kumi kwa kiburi."

"Hakuna aliyewahi kutoka?"

"Kicheche alitoka. Alifunguliwa mlango asubuhi. Hatua ya tatu akakamatwa kwa kutoroka."

Pimbi akainua macho. Juu ya miiba aliliona jabali lake kule mbali, na juu ya jabali aliona kidoa cheusi kinazunguka angani, pole, pole. Tai huyo. Mwingine angelia. Kulia kulikuwa siku nne. Pimbi hakulia.

"Mimi siwezi kwenda kwangu," akasema. "Basi kwangu kuje."

Kobe akadhani ni njaa imempanda kichwani.

Kesho yake Kiboko alipokuja kuhesabu vichwa, Pimbi akasogea kwenye miiba.

"Bwana mkubwa, ua umejaa. Wapya utawaweka wapi?"

"Wabebane."

"Wakibebana, Jumbe akituma mtu kuhesabu, atawaona wa juu tu. Wa chini utawakosea boga."

Kiboko akashtuka mpaka tumbo likatikisika. Kukosa boga! "Sasa nifanyeje?"

"Sogeza ua mbele. Sisi si tupo? Tutakata miiba wenyewe, tutachomeka wenyewe. Wewe kaa hapo mlangoni kivulini."

"Kwa malipo gani?"

"Malipo ya nini, bwana? Sisi ni wafungwa."

"Una adabu wewe," Kiboko akasema. "Na wapya, je? Ngiri amechoka kuwakimbiza."

"Bwana, aliye ndani ya ua wako anaitwaje?"

"Mfungwa."

"Basi humkimbizi mtu. Ua ukimpita, amekwisha kuwa mfungwa. Hata kosa huna haja ya kulitafuta."

Kiboko akacheka, ho-ho-ho-ho, ndege wakaruka. "Tuanzie upande gani?"

"Popote tu, bwana. Hata kule kwenye majabali."

Kazi ikaanza. Mfungwa mmoja anakata, kra! Wa pili anaburuta, sua-sua-sua! Wa tatu anachomeka, chwi! Kra, sua-sua-sua, chwi. Mlango ukabaki pale pale palipokuwa na Kiboko, ila ua ukatambaa kwenda mbele. Ukaipita nyumba ya Swala. Swala akaamka kitandani kwake, anajinyoosha, anatoka nje, anaambiwa yuko jela.

"Tangu lini?"

"Tangu jogoo la kwanza."

"Nimefanya nini?"

"Umelala."

Kra, sua-sua-sua, chwi. Siku ya tatu ua ukalipita jabali. Pimbi alipanda mbio. Alimkuta mama mkwe anasinzia na kutafuna, Tai yuko juu ya jiwe la pili anakunjua kucha, na watoto watatu wanamwangalia kama wanavyoangalia mgeni. Pimbi akawasukumiza pangoni wote kwa kichwa, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akasimama mlangoni na meno nje. Tai akaona leo mapimbi wana mwenyewe, akaenda zake.

"Mama, umekonda," mtoto mkubwa akasema.

"Na wewe umekuwa mchafu. Nyamaza."

Ningekuwa mimi ningeishia hapo, nilale. Lakini jioni ile Ngiri akaja chini ya jabali, akahesabu, "Mmoja, wawili, watatu. Mikia mitatu imefichwa. Mpaka waitoe." Basi watoto nao wakawa wafungwa, waliozaliwa mwezi uliopita. Pimbi akamtazama Ngiri, akamtazama Kiboko kule mlangoni anavyotafuna. Akashuka.

"Bwana mkubwa, mbona umesimamisha kazi? Watu bado ni wengi huko nje."

"Tuendelee?"

"Tuendelee mpaka mwisho."

Kra, sua-sua-sua, chwi! Ua ukapita mashamba ya maboga. Ukapita mto, na mamba ndani yake. Ukampita Ngiri mwenyewe akiwa amelala zamuni, akaamka askari upande wa wafungwa, akaambiwa achukue tawi aburute. Siku ya tisa ukaipita baraza ya Jumbe Tembo.

Jumbe aliamka kwa sababu ghala lake lilikuwa linalia utupu. Akauliza maboga yamekwenda wapi. Akaambiwa, kwa vichwa. Vichwa vya nani? Vya wote. Hata hili boga la leo? Hilo ni la kichwa chako, Jumbe.

"Yaani nalipa boga ili nifungwe mimi?"

"Ndiyo mkataba," Pimbi akasema. "Mguu ni wako."

Jumbe akainua mkonga apige kelele. Pimbi akapanda juu ya jiwe, akamnong'oneza, "Jumbe, shikamoo, nakuomba. Ulilala miezi minne. Lala na hii siku moja."

Siku ya kumi kulikuwa na joto kali. Kiboko alikuwa amekula maboga ya nchi nzima, amelala chali mlangoni, anakoroma, gho-o-o, fyuu. Na ua sasa ulikuwa umekwenda mpaka ukakosa pa kwenda. Nchi yote imo ndani. Kimebaki kipande kimoja tu ambacho hakijaingia, nacho ni kile anacholalia Kiboko. Wafungwa wakaja kwa nyuma yake, taratibu. Kra. Sua-sua-sua. Chwi.

Kiboko akaamka. Kulia miiba. Kushoto miiba. Nyuma miiba. Mbele mlango wa jela, na upande wa pili wa mlango watu wote wamekaa, wanakula maboga waliyochuma mashambani.

"Mmenifunga!" akanguruma.

"Hapana, bwana," Pimbi akasema. "Sisi ndio tumefungwa. Wewe uko huru. Nchi nzima aliye huru ni wewe peke yako."

"Nipeni boga!"

"Boga ni la mfungwa. Mtu huru anajitafutia."

"Nipeni maji! Ngozi inapasuka!"

"Mto uko jela, bwana."

"Fungueni mlango!"

"Ufunguo uko shingoni kwako."

Kiboko akaushika ufunguo. Akautazama. "Lakini nikifungua, nitaingia jela."

"Ndiyo."

"Na nisipofungua?"

"Utabaki na uhuru wako."

Akabaki na uhuru wake mpaka saa sita mchana. Jua likampiga, ngozi ikaanza kupasuka, cha, cha, cha, kama udongo wa kiangazi. Uhuru ulikuwa na ukubwa wa mkeka, hata kugeuka hauruhusu. Akaanza kulia.

"Nifungeni, jamani. Nawaomba mnifunge."

"Kwa kosa gani?" Pimbi akauliza. "Hapa mlangoni hatupokei mtu asiye na kosa. Hii siyo nyumba ya wageni."

"Nimekula maboga ya watu."

"Hilo hata watoto wanalijua. Lingine."

"Nimewafunga watu bure."

"Lingine."

"Nimewaongezea siku. Kobe, Twiga, wote. Nilikuwa nazitoa mdomoni tu, siku tano, siku kumi."

Watu wakaacha kula. Jumbe Tembo akasimama, na Jumbe akisimama hata kivuli kinasikika.

"Jumla ni siku ngapi?"

"Sijui, Jumbe. Sikuwahi kufikisha mwisho."

"Basi fungua, uingie."

Kiboko akafungua kwa mkono wake mwenyewe, kacha! Akakimbilia mtoni, puu-puu-puu, tubwi! Maji yakapanda kingo mbili. Na watu wote wakaing'oa miiba aliyozungushiwa, wakatoka kwenye mlango ule ule, mmoja mmoja, hakuna aliyewakimbiza. Ua wakaufanya kuni. Kobe alitoka wa mwisho, akafika nje mvua za mwaka uliofuata.

Sasa funzo. Mnataka funzo kila mara, kama vile mtalitumia. Funzo la hadithi hii ni kwamba mheshimuni mwenye jela, ana kazi nzito. Na ukizaliwa bila mkia, usilaumu mtu, tembea kinyumenyume. Na kama ni kufungwa, kafungwe mapema, upate nafasi nzuri karibu na mlango.

Hadithi yangu naitua hapa kizingitini. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka airuke.

Nini tena, Sikudhani? Mkono umesimama. Kiboko alilipa nini? Maboga yalikwisha liwa, nani ayatoe tumboni? Jumbe alimwambia hivi: "Ulichukua siku za watu, utalipa kwa siku. Usiku nakuachia, utoke ule majani, usife ukatukosesha malipo. Lakini mchana wako wote ni wetu, utakaa humo majini, pua na macho tu." Na kwa kuwa hakuna aliyejua hesabu inaishia wapi, hakuna wa kumwambia imetosha. Nendeni mtoni hata leo, jua likiwaka. Yumo, analipa.