Somo wa Binti wa Mama Kombo

Sogeeni. Hii yangu haina sungura wala fisi. Ina wanawake watatu na mwanamume mmoja mwenye adabu kupita kiasi.

Wa kwanza ni Mkasi, mwenye ulimi: huyo angekuuzia karafuu uliyoichuma mwenyewe. Wa pili ni Mize, mwenye kumbukumbu, hasahau harusi wala matanga ya mtu. Wa tatu ni Hidaya. Yeye ana moyo tu, lakini moyo kweli.

Faki na mkewe Rukia, Wapemba wa Wete, waliishi ughaibuni, nchi ya theluji. Rukia akajifungua binti, Ilhamu, na Faki akaenda kumwandikisha. Karani akauliza, "Jina la mama?" Faki hajapata kumtaja mkewe kwa jina mbele ya watu! Akajibu kama anavyomwita kila siku, kwa jina la mtoto wao wa kwanza: "Mama Kombo." Cheti kikatoka hivyo hivyo.

Walipomwombea mtoto pasipoti, ubalozini wakasema, "Mama Kombo hatumjui. Cheti hiki kirekebishwe, na mama alete chake cha kuzaliwa." Cha Rukia kilikwishapotea, na kupata kingine kulihitaji shahidi asiye wa ukoo, aliyekuwapo alipozaliwa. Bila hayo mtoto hana uraia, hana pasipoti, hasafiri.

Na kule Wete, macho ya Bi Time, mama yake Rukia, yalikuwa yanazimika. Akapiga simu: "Mwanangu, nataka nimuone uso, si nimpapase. Atakayenifikishia mjukuu wangu ndiye somo wake. Humu ndani mtoto tutamwita kwa jina la somo huyo, na yeye ndiye atakayemfunda." Rukia alilia sana.

Mkasi, dada wa Faki aliyeishi nao huko ughaibuni, alisema, "Kaka, adabu yako imetuponza." Akamwendea karani. Karani akakataa. Mkasi akaketi, akamweleza kwamba kwetu kumwita mama kwa mwanawe ni kumtukuza. Karani akatabasamu: "Na mimi mngeniitaje?" Cheti kikasahihishwa.

Mize, shoga wa Rukia tangu chuo cha Kurani, alikuwa Wete. Alikumbuka maneno ya utotoni: mkunga aliyemzalisha Bi Time alipomzaa Rukia alihamia Konde, wengi wakidhani amekufa. Mize akamtafuta hadi akampata, akampeleka kwa sheha, kiongozi wa mtaa, akatoa ushahidi. Cheti cha Rukia kikatumwa.

Siku ya miadi ubalozini, mji wa mbali, theluji ikasimamisha treni. Miadi nyingine ni baada ya miezi. Hidaya, jirani kutoka Kigoma, si ndugu wala mkwe, alikuwa dereva wa gari la mikate. "Pandeni," akasema. Mikate haikufika dukani, mtoto akafika ubalozini. Hidaya akafukuzwa kazi.

Basi, Ilhamu yuko Wete sasa. Bi Time amempeleka dirishani penye mwanga. "Ana pua ya baba yangu," akasema, machozi yakimtoka.

Mkasi akawahi: "Bila cheti kusahihishwa, gari lingekwenda kufanya nini?"

"Na bila cha mama yake je?" akauliza Mize.

Hidaya, aliyealikwa kama mgeni, alikuwa akikunja nguo za mtoto.

"Somo ni mmoja," akasema Bi Time. Ameinama, mdomo u sikioni mwa mtoto.

Haya, mdomo huo ni wako. Unamnong'oneza jina la nani?