Kichaka cha Nakijwa

Ua la vuli halidaiwi masika. Mmelisikia neno hili kwa bibi yenu asubuhi, mkacheka, mkauliza nani hulidai ua. Basi lilizaliwa hivi.

Siku Senkondo alipoondoka Upare kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, alimwachia mkewe Nakijwa kichaka kichanga alichokuwa amekipanda kando ya mlango. Mbegu aliipata kwa watu wa mbali.

"Kikichanua, utaniona," alisema, akajitwika mzigo, akashuka mlima.

Nakijwa hakuwahi kuona mmea wa namna ile. Majani yake yalipangana mawili mawili kama ya mkwaju, na jioni yalijikunja yakalala. Mama mkwe wake alitafuna moja, akatema.

"Huu ni ukoo wa kunde," alisema, "ila kunde yenye kiburi."

Majirani walikuja kutazama, kila mmoja akikipa kichaka jina lake. Kingetoa ua la rangi gani? Lini? Hakuna aliyejua.

Masika yakaja, hata magugu ya njiani yakachanua. Kichaka kikaongeza majani tu. Mvua zilipokuwa zinaishia ikafika habari: Senkondo alikuwa anarudi nyumbani, akaingia mto uliofurika, maji yakamchukua. Mwili haukuonekana.

Kwa desturi yao, aliyepotelea mbali huzikwa kwa mgomba. Hukatwa shina, likavikwa sanda, likalazwa kaburini, kisha mjane hunyolewa. Lakini akinyolewa, Nakijwa aliwaza, atakuwa amemzika mtu ambaye huenda bado yumo njiani.

Mrindoko, kaka yake Senkondo, alikuja na panga mkononi.

"Shemeji, wenzio wamelia mpaka sauti zimekauka. Wewe unapalilia kichaka!"

"Aliniambia kikichanua."

"Masika yamekwisha. Kichaka chako tasa. Nikimaliza mgomba, nacho nakikata."

Mama mkwe akasimama kati yao. "Mrindoko, wewe ulikaa tumboni mwangu mpaka wakunga wakachoka kungoja. Nani alikuja na panga kukudai?"

Wanawake waliokuwa jikoni wakacheka, vilio vikiwa bado kooni. Mrindoko akashusha panga.

"Haya, tungoje. Ila watu watasema hukumpenda."

Nakijwa akarudi kupalilia kichaka. Usiku ule hakulala.

Kiangazi kikapita. Mvua za vuli zilipoanza, matumba meusi yalisimama kwenye ncha za matawi, yakapasuka yakawa manjano, kuanzia chini kwenda juu. Kijiji kizima kilikuja kuona. Nakijwa alikaa mlangoni, uso wake njiani. Walipita wauza chumvi. Ikapita harusi. Senkondo hakupita.

Ua la mwisho lilipodondoka na maganda membamba kuanza kuning'inia, alikwenda kwa Mrindoko.

"Shemeji, kata mgomba."

Hapo ndipo alipolia. Kilio chake kilivuka bonde, na wale waliokuwa wakimsema waliacha majembe wakaja kumshika. Mrindoko alisimama na panga lake, asijue aweke wapi macho.

"Mama," alisema, "nilikuwa nataka machozi yaliyokuwa bado hayajafika. Ua la vuli halidaiwi masika."

Katika ukoo ule, mpaka leo, mgomba haukatwi mpaka mjane aseme mwenyewe.