Uchungu wa Majani ya Mkaratusi

Sogeeni mnipe masikio, maana hukumu ya habari hii nitawaachia nyinyi.

Kule Rungwe, Mama Gwantwa alikuwa na watoto watatu. Gwantwa, binti wa kwanza, hakutupa kitu. Kila takataka aliiona ina kazi. Mboka, wa pili, alikuwa mfyatua matofali. Akifikicha udongo kwa vidole, alikwambia umetoka bonde gani. Subilaga, binti wa mwisho, alikuwa na subira isiyo na mfano. Na wote watatu walikuwa na wivu. Mama akimsifu mmoja, wawili wanasusa chakula.

Mama alikuwa na kishamba kimoja. Kwa miaka mingi kilikuwa cha mikaratusi, na ilipokatwa, hapakuota kitu cha maana.

"Nimezeeka," mama akawaambia. "Atakayelifufua shamba hili ndiye nitakayemwachia. Silikati vipande, vipande havilishi mtu."

Gwantwa akawahi. Alikusanya majani na magome ya mikaratusi, akayarundika upande wa juu yaoze yawe mboji, akapanda maharage kuzunguka lundo. Mvua iliponyesha, maji yakachuruzika kutoka kwenye lundo, meusi kama chai ya rangi. Maharage yakachipua, yakageuka njano, yakafa. Mboka akapita pale akipiga mluzi wa dhihaka.

"Cheka tu, Mboka," Gwantwa akamwambia. "Tutaona yako."

Mboka akachimba udongo mwekundu wenye punje nyeusi ukingoni mwa kijito, akaubeba kwa magunia mpaka mgongo ukakataa. Akaumwaga upande wa chini, akapanda. Maharage yakaota, lakini udongo ukashikana kama tofali, yakadumaa. Safari hii aliyepita akiimba ni Gwantwa.

Subilaga hakuwa na cha kuleta. Siku ndugu zake walipokwenda mnadani, alichanganya majani ya dada yake na udongo wa kaka yake katika lundo moja. Waliporudi, ugomvi ukawaka.

"Mwizi! Hayo majani yangu!"

"Na huo udongo wangu!"

"Basi chukueni," Subilaga akajibu. "Chambueni, kila mtu abebe chake."

Wakainama kuchambua, wakashindwa. Wakaondoka wakinuna. Subilaga akabaki na jembe. Kila siku ya tatu aliligeuza lundo lipate hewa, na jua lilipokuwa kali alilinyunyizia maji. Viganja vikamtoka malengelenge. Miezi minane ikapita. Maji yaliyotoka kwenye lundo yakawa maangavu, na lundo lenyewe likawa jeusi, laini, likinukia mvua. Akalitandaza shamba zima. Maharage ya mwaka ule yalifunika magoti.

Bwana shamba alikuja, akafikicha udongo ule.

"Uchungu wa majani ndio uliokuwa ukiua maharage," akasema. "Madini ya chuma na manganizi kwenye udongo mwekundu yameugeuza uchungu huo, ukawa mweusi, ukang'ang'ania mboji. Hauchuruziki tena. Ila bila hewa na unyevu, mngesubiri miaka."

"Mmesikia?" Gwantwa akaruka. "Weusi huu ni majani yangu! Bila mimi kuna mboji gani hapa?"

"Majani yako yalikuwa sumu," Mboka akasema. "Udongo wangu ndio ulioyatuliza."

"Na bila mimi mngekuwa bado mnalinda malundo yenu," Subilaga akasema, akiwaonyesha viganja vyake.

Tangu siku hiyo, kila mmoja anapika chungu chake. Wakikutana njiani, mmoja anahama upande. Mama amevuna peke yake, na ameahidi kumtaja mrithi Jumapili, baada ya ibada. Anajua atakayemtaja atabaki na shamba, na huenda akakosa ndugu wawili.

Haya, nyinyi mlionisikiliza: shamba apewe nani? Na ukishamtaja, wale wawili utawaambia nini?