Jivu Miguuni mwa Banda

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Wahenga hawakusema neno hili kwa kukurupuka. Walimwona mtu kachomwa na mwiba, akaupuuza, akaendelea na safari zake. Walipomwona tena, mguu ulikuwa umevimba hata kiatu hakiingii. Maana yake ni kwamba jambo dogo likidharauliwa hukua likamwangusha mwenye kulidharau. Wengi wetu tunaijua methali hii tangu shuleni. Fundi naye aliijua, tena aliwahi kupata alama nzuri kwa kuieleza.

Fundi alikuwa fundi wa kuchomea vyuma: mageti, milango, madirisha. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata mama yake mzazi. Umri wake ulikuwa umegonga arobaini na alikuwa hajaoa. Majirani walimtania kwamba kaoa mashine yake ya kuchomea, na kwamba mke huyo ana wivu, maana kila siku humwachia alama za moto mikononi. Aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili, yenye ua mdogo nyuma.

Baba yake alipofariki, mama alinyamaza. Hakuwa mgonjwa. Alikula alichopakuliwa, alioga, alilala, lakini maneno yalimkauka kinywani. Jioni Fundi akimwamkia, alijibiwa kwa kutikisiwa kichwa tu. Miezi minane nyumba ile ilikaa kimya, hata kijiko kikianguka Fundi alishtuka.

Jirani yao mshonaji, aliyeitwa Mama Cherehani, ndiye aliyeleta dawa. Aliingia siku moja na tetea mchanga wa kishingo kwapani.

"Nilelee huyu, dada," alimwambia mama. "Dukani kwangu anameza vifungo. Juzi nimemrudishia mteja shati, halifungiki!"

Wiki ya pili, Fundi akiwa anavua viatu mlangoni, alisikia sauti jikoni: "We Kishingo, toka kwenye unga! Huna hata haya, na hiyo shingo yako tupu!" Ilikuwa sauti ya mama yake. Fundi alisimama pale na kiatu kimoja mkononi, machozi yakamtiririka.

Tangu siku hiyo mama alirudi duniani. Alianza na kuku, akaja kwa mwanawe, mwisho akawa anapiga soga na Mama Cherehani ukutani hadi nguo za watu zikachelewa kushonwa. Kishingo alitotoa, na watoto wake wakatotoa. Kila kuku alikuwa na jina lake na kesi yake ya kujibu.

Lakini penye kuku hapakosi wa kuwatamani. Kwanza alikuja mwewe, akanyakua vifaranga wawili. Kisha akaja nguchiro, mnyama mwembamba mwenye mkia mrefu, anayewinda mchana kweupe bila hofu. Mama alisahau kuegesha mlango wa banda la mbao, naye nguchiro akaua kuku wanne, akala mmoja tu. Siku mbili mama hakusema neno. Fundi aliingiwa na hofu. Kuku wangeweza kununuliwa wengine. Alichoogopa ni ukimya ule kurudi nyumbani na kukaa moja kwa moja.

Akala kiapo. Kwa majuma mawili alirudi mapema kutoka karakana, akajenga banda ambalo mtaa ule haukuwahi kuona mfano wake. Lilisimama juu ya miguu minne ya chuma. Kuta zilikuwa za wavu mgumu wa matundu madogo, kila ncha imechomelewa. Juu palikuwa na bati, na mlangoni kufuli lililofichwa ndani ya kisanduku cha chuma. Alipomaliza kulipaka rangi ya kijani, alirudi nyuma akaliangalia, akajipiga kifua.

"Hata simba akija, atakuna kichwa aende zake!"

Kuku wakaingizwa humo, wakawa wa humo usiku na mchana. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, naye akaufunga kwenye mkanda wake.

"Ufunguo nitakaa nao mimi, mama. Wewe unasahau."

Mama alitazama chini. "Sawa, baba," alisema.

Kuanzia hapo mama hakumshika tena kuku wake hata mmoja. Alikaa kwenye kigoda kando ya banda, akapitisha punje za mahindi kwenye wavu, na kidole kimoja. Kishingo alikuja akakidonoa taratibu. Mazungumzo yao yakaendelea hivyo hivyo, kama watu wanaotembeleana gerezani, na Fundi akaridhika kwamba sauti bado ipo.

Sifa za banda zikaenea. Watu walikuja kulitazama, wakaligonga kwa vidole, wakamvisha Fundi kilemba cha ukoka naye kikamkaa vizuri. Akaanza kulifuta vumbi kila asubuhi kama gari la harusi.

Kisha mvua zikaanza. Asubuhi moja mama alisimama karibu na uzio wa ua, akainama sana, akaita.

"Fundi, hebu njoo uone. Siafu hawa."

Fundi alikuja na mswaki mdomoni. Akaona mstari mwembamba mweusi ukipita chini ya uzio, ukiingia kwenye majani ya jirani.

"Si wanapita tu, mama?"

"Leo wanapita. Maji yakijaa mashimoni mwao, watahama wote. Nifungulie kuku mchana, baba. Siafu wakija, kuku aliye huru hukimbia. Aliyefungiwa ataenda wapi?"

Fundi alicheka, povu la dawa ya meno likamruka. "Mama, mimi nimemshinda nguchiro, leo niogope mdudu wa kukanyaga? Nikifungua, nguchiro atapiga sherehe."

"Basi niachie ufunguo."

"Tumeshayamaliza hayo, mama."

Siku ile mama alipokwisha kupika, alizoa jivu la mkaa, akalimwaga kuzunguka miguu minne ya banda, duara nene lenye upana wa kiganja. Siafu hawavuki jivu kavu. Alijua hivyo kwa sababu mama yake alijua hivyo. Akawa anafanya hivyo kila siku, na mvua ikililowesha, alimwaga jingine.

Siku ya sita, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa aje kuliona banda, ili aagize la shule. Fundi aliamka akakuta jivu limetapakaa na kupanda kwenye rangi yake ya kijani. Akaona aibu. Alichukua ndoo ya maji na fagio la chelewa, akasugua miguu yote minne mpaka ikang'aa, na jivu lote likaenda mferejini.

"Fundi, umeliondoa?" mama aliuliza kutoka dirishani.

"Linachafua, mama. Mgeni anakuja. Utaweka jioni."

"Mkaa umelowa. Sina jivu jingine leo."

"Basi kesho," alisema.

Mwalimu mkuu alikuja, akasifu, akatoa oda. Fundi akaondoka naye wakipiga hesabu za urefu na upana, ufunguo ukining'inia kiunoni. Mawingu yalikuwa yameshuka na jua halikuonekana siku nzima.

Saa saba mchana, karakanani, Fundi alikuwa amevaa kinyago chake cha kuchomea, cheche zinaruka, kelele za kukata chuma zimejaa kila pembe. Simu yake iliita mara tano ndani ya koti lililotundikwa ukutani. Hakuisikia. Alichoona ni Mama Cherehani amesimama mlangoni miguu mitupu, anahema, mkononi ana mkasi wake wa kushonea uliovunjika ncha.

"Ufunguo!" alisema. "Fundi, ufunguo! Siafu!"

Fundi alikimbia na kinyago chake kichwani. Njia ya dakika ishirini aliimaliza kwa kumi. Alipofika uani, hakusikia kuku. Angefurahi kusikia hata mmoja akilia.

Miguu ya kijani ilikuwa imegeuka myeusi, nayo ilikuwa ikitembea. Mara tatu ufunguo ulikosa tundu. Mlango ulipofunguka, aliwakuta kuku wamerundikana kona ya mwisho, mmoja juu ya mwingine, wote wamekufa. Kishingo hakuwa kwenye rundo lile. Alikuwa kiotani, ametandaza mabawa, na alipoinuliwa, chini yake palikuwa na vifaranga saba. Hakuna aliyepona.

Mama alikuwa ameketi chini, kando ya wavu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kutoka damu, na siafu walikuwa bado wameng'ang'ania nguo yake. Karibu naye palikuwa na kibuyu kitupu cha mafuta ya taa, yote amewamwagia siafu. Fundi alipiga magoti, akaanza kuwabandua mmoja mmoja.

"Nilivuta wavu," mama alisema polepole. "Na jirani alijaribu kukata. Haukulegea hata kidogo. Umelijenga vizuri, mwanangu."

Hakusema kwa hasira wala kejeli. Alikuwa anamsifu mwanawe kama alivyomsifu alipokuwa mdogo, na Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliposema, "Nisamehe, mama," mama alimshika kichwa tu kwa mikono ile iliyovimba.

Jioni ile hakuitikia salamu. Wala kesho yake, wala mwezi uliofuata. Mama Cherehani alileta tetea mwingine, wa kishingo vilevile. Mama alimpokea, akampapasa mgongo mara moja, akamweka chini, akageukia ukuta. Tetea alidonoa sakafuni akaenda zake, na hakuna aliyemwambia atoke kwenye unga.

Banda la shule Fundi alilijenga bila kufuli, na chini ya kila mguu aliweka kopo la mafuta machafu ya gari. Watu walipomuuliza sababu, aliinama akaendelea na kazi.

Banda la nyumbani bado lipo, mlango wazi, halina kitu. Kila alfajiri, kabla ya kwenda karakanani, Fundi huzoa jivu jikoni, akalimwaga duara kuzunguka miguu minne, nene, upana wa kiganja, huku mama akimtazama kutoka dirishani.

"Nimeweka, mama," husema kila siku. "Hawapiti tena."

Husubiri kidogo asikie jibu, kisha huchukua mfuko wake na kuondoka. Mdharau mwiba, mguu huota tende.