Kigelegele cha Baba Mwaisumo

Kigelegele hakiamriwi, hupewa sababu.

Jana harusini mliisikia methali hiyo kwa shangazi yenu, pale mshereheshaji alipokuwa akitusihi tupige vigelegele na ukumbi mzima ukamjibu kwa kikohozi. Mlicheka sana, na leo mnaniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali, wala si ya kale kama mnavyodhani. Chanzo chake ni hiki.

Katika chuo kimoja cha ualimu kule Rungwe, kwenye milima ya chai, alikuwapo mwanachuo wa mwaka wa pili aliyeitwa Tusajigwe. Alikuwa binti mwenye maneno machache, ila akishika jambo halimponyoki. Mwaka huo vyuo vilialikwa kushindanisha video za nyimbo zilizotungwa na wanachuo wenyewe. Chuo chao kilikuwa na wimbo tayari, wimbo wa kumsifu mwalimu anayeshika chaki kwa mara ya kwanza. Mwimbaji naye alikuwapo, Anyosisye, msichana mwenye sauti ya kumsimamisha mpita njia. Aliyekosekana ni mtu wa kuongoza upigaji picha. Walimu walikuwa wameshaanza kuzungumza habari za kumleta fundi kutoka mjini, ndipo Tusajigwe aliposimama katikati ya mkutano wa chuo, akasema, "Mimi nitaiweza."

Akapewa Jumamosi moja tu, na kamera ya chuo ilitakiwa irudi ofisini saa kumi jioni.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Walipiga picha madarasani, wakapiga kwenye majani ya chai yakiwa bado na umande. Ikabaki sehemu iliyo kubwa kuliko zote: Anyosisye jukwaani, na umati ukimshangilia. Wakaingia bwaloni, wakaunganisha meza nne kuwa jukwaa, na wanachuo arobaini wakasimama chini yake. Redio kubwa ingepiga wimbo uliokwisha kurekodiwa, Anyosisye angeufuatisha kwa midomo, na Lugano, mwanachuo mwenzao, angeshika kamera.

"Mkisikia kiitikio, rukeni na mpige vigelegele," Tusajigwe alisema kwa kipaza sauti. "Mmefurahi mno. Sawa?"

"Sawa," walijibu, kama watu waliotumwa kuni.

Mara ya kwanza waliruka kabla ya kiitikio. Mara ya pili walisahau kabisa. Mara ya tatu kijana mmoja alipiga kigelegele kilichokatika katikati kama cha jogoo anayejifunza kuwika, watu wakacheka mpaka wimbo ukaisha. Tusajigwe akaona dawa ni utaratibu. Akawagawa: wa kushoto makofi, wa kulia mikono juu, wanawake wa mbele vigelegele akihesabu tatu. Wakafanya kama alivyosema, na ikaonekana kama mazoezi ya viungo ya wanafunzi wa darasa la pili.

Akapandisha sauti. "Furahini basi! Mna nini leo?"

Waliposhindwa mara ya tisa, Anyosisye aliinama ukingoni mwa meza, akamnong'oneza, "Dada Tusa, usinichukie. Hata mimi ningekuwa huko chini nisingejishangilia."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Tusajigwe aliwaona akilini walimu wakisema, si tulimwambia? Akamwomba Lugano azime kamera kuilinda betri, akawaruhusu watu wapumzike kidogo, naye akakaa kwenye benchi la pembeni akiukunja na kuukunjua mpango wake wa karatasi.

Wakati huo mwalimu wa taaluma aliingia, akabandika karatasi ukutani kando ya mlango, akatoka. Yalikuwa matokeo ya mtihani wa marudio wa hisabati.

Sasa, chuoni hapo palikuwa na mwanachuo mmoja aliyeitwa Mwaisumo. Wenzake wote walimwita Baba Mwaisumo, kwa kuwa alikuwa na miaka arobaini na tisa, na binti yake mkubwa alikuwa ameshakuwa mwalimu. Hisabati ilikuwa imemwangusha mara mbili. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Akiikosa, afunge sanduku arudi kwake. Alikuwa hapo bwaloni, safu ya nyuma, akipiga makofi ya kuhesabiwa pamoja na wengine.

Alikwenda kwenye ile karatasi polepole. Akavaa miwani. Kidole chake kikashuka kwenye majina, kikasimama. Akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena.

"Jamani," alisema kwa sauti ndogo, "mbona nimefaulu?"

Bwalo lililipuka! Hakuna aliyehesabu tatu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia, vijana wakambeba Baba Mwaisumo mabegani, kiatu chake kimoja kikaruka kikaangukia kwenye redio. Mama Sekela, mpishi mkuu, alitoka jikoni mbio akidhani kuna moto. Alipoambiwa habari, alipiga kigelegele kirefu kuliko vyote, mwiko mkononi.

Tusajigwe aliruka kutoka kwenye benchi. "Lugano! Umepiga?"

Lugano alimtazama kwa huzuni. "Si uliniambia nizime?"

Tusajigwe alishika kichwa. Kisha akakimbilia katikati yao. "Washa! Na nyie rudieni! Mshusheni, mumbebe tena, vilevile kama mwanzo!"

Wakamshusha, wakambeba tena. Mmoja tu akasema "Oyee," akaona aibu.

Baba Mwaisumo, akiwa bado juu mabegani, akamwinamia. "Mwanangu, mimi nimefaulu mara moja tu. Ukitaka nifaulu tena, itabidi nifeli kwanza."

Watu wakacheka. Tusajigwe peke yake hakucheka, machozi yalikuwa karibu. Mama Sekela akamsogelea, akamwekea mkono begani.

"Binti yangu, tangu asubuhi nakusikia kule jikoni unavyowagombeza. Kigelegele hakiamriwi. Hupewa sababu. Sababu hiyo hapo mabegani, unahangaikia nini?"

Tusajigwe alimtazama Baba Mwaisumo, akautazama mpango wake wa karatasi. Akaukunja, akautia mfukoni. Kipaza sauti akakiweka chini.

"Anyo," aliita, "huu ni wimbo wa anayeshika chaki mara ya kwanza. Mwimbie Baba Mwaisumo. Redio ipige, lakini wewe usiigize, imba kwa koo lako. Lugano, washa, usizime mpaka nikwambie. Nyie wengine sina la kuwaelekeza. Mpongezeni mwenzenu."

Wimbo ukaanza. Anyosisye akamshika mkono Baba Mwaisumo, akampandisha mezani, akamwimbia usoni. Ubeti wa kwanza yule mzee alisimama akiona haya, mguu mmoja una kiatu, mmoja una soksi. Kiitikio kilipofika, Anyosisye alilichomeka jina lake mahali pa neno "mwalimu". Kusikia "Mwaisumo ashika chaki," mzee alifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika, kisha akavifunua, akaanza kucheza. Alicheza ngoma ya kwao yote, kwa shingo na kwa kifua, meza zikilia. Vigelegele vikapanda vyenyewe, vikapokezana, Mama Sekela akiviongoza kwa mwiko. Katikati ya kelele hizo Tusajigwe alisikia kigelegele kimoja karibu sana na sikio lake, akageuka kuona ni nani. Alikuwa yeye mwenyewe.

Kamera ilirudishwa ofisini saa kumi kasoro dakika tano. Katika mashindano video yao ilishika nafasi ya pili, ila iliyosimuliwa zaidi ni hiyo. Wanachuo wale walipotawanyika kwenda kufundisha, walilibeba neno la mpishi katika kila wilaya waliyopangiwa. Mwalimu mkuu akiwaamuru watoto wachangamke kwa sababu mgeni anakuja, au mzazi akimlazimisha mwanawe akipende kitabu, walimu hao hutabasamu na kumwambia kwa upole:

"Kigelegele hakiamriwi, hupewa sababu."