Jogoo wa Uzi Mwekundu

Kuku wa matanga ndiye mnono. Ndivyo mama yenu alivyowajibu asubuhi, mliposema mtakwenda kumwona babu mkishapata zawadi ya maana, nanyi mkacheka. Maneno hayo yana chanzo chake, na mimi nilikuwepo yalipotamkwa mara ya kwanza.

Hapa Tukuyu nilikuwa na jirani, Tusekile, aliyeishi na mama yake, Bibi Sekela. Mwaka mmoja, masika yakielekea ukingoni, Tusekile alileta vifaranga hamsini vya kuku wa nyama. Nyuma ya banda ilikuwa bustani ya bibi, ya nyanya, vitunguu na maboga, na mbolea ya kuku iliistawisha mno.

Baridi ya Juni ilipoingia, bibi akaanza kukohoa. Ugali ukamshinda, kisha hata uji. Siku moja akasema, "Mwanangu, nina hamu na mchuzi wa kuku. Nitilie na majani ya maboga, kabla baridi haijayamaliza."

Tusekile hakuwa mchoyo, msije mkamsingizia. Alikuwa na ugonjwa wetu sote, wa kutaka kitu kikamilike ndipo kitolewe. Akachagua jogoo mmoja, akamfunga uzi mwekundu mguuni, akampeleka hadi kitandani.

"Huyu ni wako, mama. Ila sasa ni mifupa mitupu. Nivumilie wiki tatu."

"Meno yenyewe sina, mwanangu. Nyama ya nini? Nataka mchuzi tu."

"Aa, mama! Nikuchinjie kifaranga, watu watanionaje?"

Kila asubuhi bibi aliuliza, "Bado?" na kila asubuhi akajibiwa, "Bado kidogo." Jogoo alilishwa kuliko wenzake, akanenepa hata kutembea kukawa taabu. Majani ya maboga yakanyauka. Siku ya kumi na tisa bibi hakuuliza. Tusekile aliingia na kikombe cha uji, akamkuta ameshapoa.

Waombolezaji walijaa uani, na watu wa msiba lazima wale. Sisi wanawake tukaingia bandani, tukawa tunachukua kuku yeyote anayeshikika. Nilikuwa nanyonyoa Tusekile alipopita, nami, kwa kutaka kumchangamsha, nikamwambia, "Kuku wako wazuri, mwenzangu, lakini huyu amewazidi wote! Tazama mafuta haya."

Akainama. Uzi ulikuwa bado mguuni, umelowa maji ya moto. Mimi sikuwa nimeutilia maanani.

Akaufungua taratibu, akauzungusha kidoleni, akasema, "Kuku wa matanga ndiye mnono." Kisha akakaa pale pale kwenye manyoya, akalia kilio ambacho hadi leo nakisikia. Mchuzi ule hakuuonja.

Naona hamcheki tena. Basi vaeni viatu, nendeni kwa babu yenu leo hii, hata mikono mitupu. Kuku wa matanga ndiye mnono.