Mikia ya Ukili

Mikia ikiungana huzaa pima.

Ndivyo alivyosema mwalimu wenu leo, na ninyi mkacheka mpaka akawatoa nje, eti mkia unazaaje? Haya, kaeni hapa. Na wewe Shaame usilifiche hilo daftari, nimekwisha kuliona. Robo tatu ukijumlisha na nusu umepata nne ya sita! Eti juu tatu na moja nne, chini nne na mbili sita. Ala! Mtoto wa watu anayo robo tatu ya mkate, kapewa na nusu juu yake, halafu kabaki na pungufu ya ule aliokuwa nao mwanzo. Huyo aliyekupa nusu alikupa au alikuibia?

Msimcheke mwenzenu. Wazee wazima walikosea zaidi yake, na kosa lao lilitaka kumliza bibi harusi siku ya harusi yake. Ndiko methali hii ilikoanzia, na mimi nilisimuliwa na bibi yangu kama ninavyowasimulia ninyi.

Palikuwa na kijiji kiitwacho Mikinduni, bondeni, penye maji yasiyokauka. Asubuhi ukungu ulishuka ukafunika mikindu yote, zikabaki zinaonekana ncha za makuti tu, zikielea hewani. Wanawake wa huko walisuka ukili tangu wakiwa wadogo. Ukili mnaujua: ule utepe mrefu uliosukwa kwa miyaa ya majani ya mkindu, ambao baadaye hushonwa ukazungushwa ukawa mkeka. Walisuka wakizungumza, walisuka wakinyamaza, na bibi yangu alisema wapo waliosuka huku wamelala. Macho yamefumbwa, vidole vinakwenda. Ukimuuliza mmoja wao alikuwa wapi, anakwambia alikuwa mbali, anatembea kwenye nchi ya kijani, na akiamka anaukuta ukili umerefuka mapajani mwake.

Ukili ulipimwa kwa pima. Nyosheni mikono yenu hivi, huku na huku. Kutoka ncha ya kidole cha kushoto mpaka ncha ya kidole cha kulia, hiyo ni pima moja. Ndani yake mna dhiraa nne: ya kwanza inaishia kwenye kiwiko, ya pili katikati ya kifua, ya tatu kwenye kiwiko cha pili, ya nne kwenye ncha ya vidole. Basi dhiraa moja ni robo ya pima, na mbili ni nusu.

Lakini watu wa Mikinduni walihesabu pima nzima tu. Kipande kilichobaki mwishoni, hata kikiwa kirefu namna gani, kiliitwa mkia, na mkia ulikatwa ukatupwa kando. "Mbuzi huhesabiwa mbuzi," walikuwa wakisema, "nani anahesabu mkia?" Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi ya hapo.

Sasa kulikuwa na binti akiitwa Mwanamize. Mama yake, Bi Mkasi, alikuwa akimsukia ukili wa mkeka wa harusi. Mila ilitaka pima nane za ukili mpana, zisukwe na mama au ndugu wa tumbo moja na mama, si mtu mwingine yeyote. Bi Mkasi hakumaliza. Alipatwa na homa, akafariki, ukili uko mapajani. Na mila ya huko ilikuwa kali: mkono wa mama ukisimama, mikono yote husimama. Hapaongezwi hata mwaa mmoja. Kilichosukwa kimesukwa.

Bi Mkasi alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Bi Riziki. Hao wawili walikuwa hawasemezani. Waligombana kwa jambo dogo la kipuuzi, kila mmoja akangoja mwenzake aanze, na miaka ikapita. Kumbe huyo Bi Riziki, kimyakimya nyumbani kwake, naye alikuwa anamsukia mtoto wa dada yake ukili. Hakumwambia mtu. Alikuwa amepanga siku ya harusi aupeleke, autue mbele ya dada yake, labda hapo ndipo wangesemezana. Habari ya kifo ilimkuta katikati ya kusuka. Akausimamisha ukili palepale, akalia peke yake.

Baada ya matanga kwisha na siku ya harusi kukaribia, watu wakakusanyika barazani kupima, na Bi Riziki naye akaja na ukili wake. Mpimaji alikuwa Bi Hadia, mama mtu mzima mwenye mikono mirefu na maneno machache. Mikono yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha kijiji kizima. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na ukungu ulipanda kutoka majini ukaingia hadi barazani, watu wakaonana kama katika usingizi.

Akaupima ukili wa marehemu. "Pima nne," akasema, "na mkia." Mkia ulikuwa wa robo tatu. Akaukata, akautupa kando.

Akaupima wa Bi Riziki. "Pima tatu, na mkia." Huo ulikuwa wa nusu. Akaukata pia.

"Nne na tatu ni saba," akasema. "Hazitoshi. Pole mwanangu. Bibi harusi atakalia mkeka wa kuazima, na ukili huu ushonwe jamvi la msikitini, marehemu apate thawabu."

Machozi yakamlenga Mwanamize. Hakuwa akiulilia mkeka, jamani, mkeka ni nini? Alitaka siku ile akae juu ya kazi ya mikono ya mama yake, kwa kuwa mama mwenyewe hangekuwapo. Hilo tu. Sasa hata hilo linakwenda.

Akainama, akaiokota ile mikia miwili iliyotupwa. Akakaa nayo. Machozi yalimjaa hata asione vizuri, na kwa vile vidole vya watu wa kwao havijui kutulia, akaushika mkia wa mama yake, akaunyosha kifuani bila kufikiri, mikono yake mirefu kama ya Bi Hadia. Ukaanzia ncha ya vidole vya kushoto, ukapita kiwiko, ukapita kifua, ukaishia kiwiko cha kulia. Akawaza, hapa ndipo mama alipofika. Akaona kama mama amemkumbatia, isipokuwa mkono mmoja haukumaliza kuzunguka.

Kisha akauchukua mkia wa mama yake mdogo, akauanzisha pale kwenye kiwiko. Ukafika ncha ya vidole. Ukapita, ukaning'inia.

"Bi Hadia," akaita, mikono bado ameinyosha. "Hebu niangalie. Hii si pima?"

"Hiyo ni mikia, mwanangu."

"Mikia, ndiyo. Lakini si pima?"

"Mmoja robo tatu, mmoja nusu," akasema Bi Hadia. "Hayo ni majina mawili. Vitu vya majina mawili vinajumlishwaje?"

"Nusu ni dhiraa ngapi?"

"Mbili."

"Na robo tatu?"

"Tatu."

"Basi vyote ni dhiraa, Bi Hadia. Jina ni moja. Tatu na mbili ni tano, na pima inataka nne tu!"

Bi Hadia akakunja uso, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka ndoto. "Kwangu mimi pima ni kitu kimoja, hakina kiungo," akasema mwishowe. "Iungeni, nami niipime. Kuunga si kusuka, mila haikatazi. Lakini aiunge mwenye damu hiyo, ndugu wa tumbo moja na mama."

Watu wote wakamgeukia Bi Riziki.

Sikilizeni, kuunga ukili si kufunga fundo. Lazima ufumue kidogo ncha ya wa kwanza, uipokee miyaa ya mwenzako, uiingize ndani ya yako mmoja mmoja. Kwa hiyo Bi Riziki ilimbidi ashike pale pale mkono wa dada yake ulipoishia, mwaa wa mwisho alioukunja akiwa hai. Akaushika. Akashindwa kuufumua.

"Siwezi," akasema. "Hataniruhusu. Sikumsemesha miaka yote hiyo."

"Msemeshe sasa, mama mdogo," Mwanamize akamwambia.

Bi Riziki akafumba macho. Ukungu umejaa barazani. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi: "Dada. Nipokee."

Ukili ukafumuka. Akauingiza wake ndani, mwaa kwa mwaa, akilia waziwazi kama mtoto, na alipomaliza mtu hakuweza kujua mkono wa nani umeishia wapi na wa nani umeanza wapi.

Bi Hadia akasimama, akaupokea, akanyosha mikono yake mirefu. Kipande kikaenea kutoka ncha hadi ncha, pima nzima, na dhiraa moja ikabaki inaning'inia. Akautazama, mikono bado wazi.

"Saba na hii ni nane," akasema. "Nane, na robo juu yake. Kumbe tumekuwa tukitupa vitu vizima siku zote!" Akamgeukia fundi wa kushona. "Shona, mama. Na hii ikae katikati, mahali atakapokalia mtoto."

Mwanamize alikaa hapo siku ya harusi yake. Juu ya ile pima ambayo mama yake peke yake hakuifikisha, wala mama yake mdogo peke yake, na ambayo wawili hao hawakuwahi kuifikisha walipokuwa wote hai. Bi Riziki akaketi karibu naye, mahali pa mama. Na wageni walipouliza mkeka huo umetoka wapi, naye mama amefariki kabla ya kumaliza, Bi Riziki akapapasa ule ukili wa katikati kwa kiganja, akawajibu:

"Mikia ikiungana huzaa pima."